Vipodozi: wapi unatoa hela, wapi unabana? (Moshi na Arusha tukutane hapa)

Binti Majengo (mleta uzi)

Habari za jioni wadau.

Naanza na aibu yangu, msije mkaniona mjuaji. Jumapili nilimwaga mkoba wa vipodozi kitandani nikitafuta hereni. Hereni sijaiona mpaka leo. Nilichokiona ni vichupa na makopo kumi na tisa, na ninavyotumia kila siku ni vitano. Nikachukua kalamu, nikaandika bei ya kila kimoja kwa jinsi ninavyokumbuka: 412,000. Mimi ni karani tu, daladala kwenda na kurudi, na hapo saluni sijaigusa.

Nikavigawa mafungu mawili, vya ghali huku, vya bei ya chini kule. Ndipo nikacheka peke yangu. Kitu kilichonifanya niende kazini wiki mbili nimejitanda mtandio hadi puani kilitoka fungu la ghali. Ni faundesheni ya jina kubwa la Marekani, 85,000, niliagiza kwa mtu wa mtandaoni akanitumia kwa basi. Boksi zuri, limefungwa nailoni, harufu tamu. Siku ya tatu kidevu kikaanza kuwasha, siku ya tano vipele mpaka shingoni. Yule muuzaji nikampigia, namba haipatikani. Na kilichonituliza ngozi baadaye kilitoka fungu la pili: mafuta ya mgando ya dukani kwa Mangi, 3,000.

Nikafikiri sana. Hili swali la "ninunue ghali au rahisi" tunaliuliza kama watu wa Ulaya. Mwenzetu kule anajiuliza kama kilichomo kinastahili bei. Sisi huku inabidi kwanza tujiulize kama kilichomo ndicho kilichoandikwa. Ukilipa 85,000 kwa mtu usiyemjua, hujanunua ubora, umenunua boksi.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kutoa hela najiuliza: hiki kikiwa feki au kimeharibika, kitaniumiza wapi?

Kikiwa cha macho, nalipa. Wanja, maskara, gundi ya kope. Lakini nalipa duka, silipi jina: naenda duka lenye risiti na mlango, ambalo kesho nitalikuta palepale. Maskara yenyewe hata iwe ya malkia, ikifika miezi mitatu tangu uifungue inatakiwa itupwe maana kile kibrashi kinaingiza vijidudu kila unapokichomeka. Sasa ya 60,000 utaitupa kwa moyo gani? Utaibana mwaka mzima, macho yavimbe.

Faundesheni nalipa, kwa sababu nyingine: rangi. Nilikuwa na tatu za bei ya chini, moja inanifanya kijivu, moja nyekundu, ya tatu nilichanganya na hizo mbili. Jumla yake ni zaidi ya moja nzuri ya rangi yangu. Siku hizi nikikuta ya kujaribia napaka kwenye taya, natoka nje ya duka nijiangalie juani. Taa za dukani ni waongo.

Dawa ya kulainisha nywele nalipa. Sanskrini, yaani mafuta ya kinga jua, nalipa.

Ninapobana: chochote kinachokaa usoni dakika moja kisha kinakwenda na maji. Sabuni ya uso ikiwa haikukaushi imemaliza kazi yake, hayo mavitamini yaliyoandikwa kwenye kopo yanaishia kwenye mtaro. Losheni ya mwili nabana. Tona, yale maji ya kufutia uso, niliacha kabisa na hakuna aliyegundua. Pafyumu nanunua ya kupimiwa.

Nyie je?

---

Chalii wa Sakina

Mleta uzi pole kwa vipele, ila 412,000 ni mbuzi wawili na chenji inabaki. Mimi nina sabuni moja, inaoga mwili, kichwa na siku nyingine soksi. Mke wangu ana droo ambayo haifungi. Juzi nimeuliza seramu ni nini, nikaambiwa sitaelewa.

---

Mama wa Tengeru

Chalii, Julai ukipauka miguu mpaka inaandikika kwa kucha, hiyo sabuni yako ya soksi itakusaidia?

Binti, kuhusu losheni nakuunga mkono, ila niongeze kitu ambacho watu wa Moshi hamkijui kwa sababu nyie mna joto. Arusha kuanzia Juni hewa ni kavu na baridi, losheni ya maji maji unapaka asubuhi, saa nne imeshatoweka. Watu wanadhani dawa ni kupanda bei. Si kweli. Mimi natoka kuoga, sijifuti mpaka nikauke, napaka glisirini niliyoikoroga na maji nusu kwa nusu kwenye mwili wenye unyevu, halafu juu yake mafuta ya mgando kidogo. Glisirini inavuta maji, mgando unafunga mlango. Ukipaka glisirini tupu isiyo na maji kwenye ngozi kavu inaweza kukuvuta hayo maji kutoka ndani yako mwenyewe, ndiyo maana wengine wanasema imewakausha.

Gharama ya mwezi haifiki 6,000, na nina watoto wanne wanaopaka.

---

Kaunta ya Dawa

Nipo nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Arusha, mtaa sitaji. Uzi mzuri. Nina la kukosoa na nina la kuonya.

La kukosoa ni sanskrini. Binti, umeiweka kwenye "nalipa" bila kueleza, na hapo ndipo wateja wangu wanapopotea. Ile namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso na shingo ni kama kuchora mistari miwili iliyojaa, kwenye kidole cha shahada na cha kati. Sasa mtu ananunua ya 70,000, halafu anaipaka kama anaonja chumvi ya mboga ili ifike Krismasi. Huyo hana SPF 50 usoni, ana matumaini. SPF 30 iliyopakwa inavyotakiwa inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile miale ya jua inayounguza ngozi. SPF 50 kama asilimia 98. Nunua ile ambayo mkono wako hautaionea huruma. Kwa kiasi hicho tyubu ya mililita 50, ukipaka mara moja kwa siku, inakwenda mwezi mmoja na nusu hivi. Ya 35,000 inakuwa chini ya 800 kwa siku, hapo chai na chapati mbili hupati.

Na kabla hamjaniambia Mwafrika hahitaji: ngozi nyeusi ina kinga yake, hilo kweli, na saratani ya ngozi inayoletwa na jua kwetu ni nadra. Tatizo letu ni madoa. Chunusi inapona, inaacha alama, jua linaikoleza, mtu anakimbilia mkorogo kuiondoa. Tuko digrii tatu hivi tu kusini mwa ikweta na Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, miale inazidi. Baridi ya Julai isikudanganye, jua halijaenda likizo.

Ukichagua, angalia isiyokuacha na weupe kama uliyepakwa chokaa. Zile zenye rangi ya udongo kidogo ndani yake zina oksidi ya chuma, na hiyo inasaidia madoa zaidi maana inazuia hata mwanga wa kawaida, siyo miale ya UV peke yake.

La kuonya: kubana kusiwafikishe kwenye tyubu ndogo za 2,000 ambazo watu wanachanganya kwenye losheni. Ukiona clobetasol au betamethasone kwenye boksi, hiyo ni steroidi, ni dawa ya hospitali, ina kazi yake na muda wake. Usoni inakung'arisha wiki mbili tatu, unasifiwa kanisani. Halafu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha uso unalipuka, kwa hiyo unarudia. Haidrokwinoni na zebaki, zinazotiwa ili kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Zebaki haijiandiki jina lake la nyumbani, tafuta maneno calomel au mercurous chloride. Zaidi ya hapo, kopo lisilo na orodha ya viambato kabisa, liache hata kama ni la bure.

Na wenye chunusi: kabla ya seramu ya 90,000, uliza benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Inafanya kazi karibu sawa na ya 10, ila ya 10 inababua zaidi. Tumia taulo jeupe, la rangi litachujuka.

---

Binti Majengo

Kaunta, nimekubali kukosolewa. Sanskrini yangu ni ya 68,000 na nilikuwa naipaka kama ulivyosema, tone puani na tone kila shavu. Ina miezi minane. Nimeona aibu ya pili ndani ya uzi mmoja.

---

Ndugu wa Rau

Naomba niseme kidogo. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nipo hapahapa Moshi. Mnapozungumza wapi pa kubana kwenye sanskrini, kwangu hakuna upande wa kubana. Kwangu haiko kwenye fungu la vipodozi, iko fungu moja na chakula.

Wengi mnapita hospitali ya KCMC kila siku hamjui kwamba kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza 1992, kumekuwa kukitengenezwa mafuta ya kinga jua yanaitwa KiliSun kwa ajili yetu. Siyo ya kuuzwa kwenye mashelfu yenu, msiende kuyaulizia. Nawaambia tu ili mkisikia mtu anauza mtaani mjue ametoa wapi: kwa mgonjwa.

Kofia pana ya mitumba pale Memorial 5,000, shati la mikono mirefu, mwavuli. Hivyo havina feki. Hata nyie mngeanza hapo, sanskrini ingewatosha muda mrefu zaidi.

---

Mzigo Namanga

Nimesoma yote nikaona mnadanganyana sehemu moja. Mnadhani vya bei ya chini havifojiwi. Ndugu zangu, mafuta ya mgando yanafojiwa, losheni za watoto zinafojiwa. Kinachouzika ndicho kinachofojiwa. Mimi nazungusha mzigo Namanga na Holili miaka sasa, nimeona.

Mwaka juzi kijana alikuja kwenye saluni ya dada yangu, anataka kununua makopo matupu. Siyo chakavu, makopo matupu ya bidhaa fulani tu, yenye vifuniko na lebo safi. Analipa 1,000 kopo. Dada akafurahi. Mimi ndiyo nikamuuliza, hivi unadhani anakwenda kuyapandia maua? Tangu siku hiyo nikimaliza chupa nachana lebo kwa kisu kabla sijatupa.

Kwa hiyo habari ya kukagua boksi, maandishi, sijui msimbo, imepitwa na wakati. Boksi la feki siku hizi limechapwa vizuri kuliko orijino. Angalia vya nje ya boksi. Muuzaji anatoa risiti? Ukirudi na tatizo anakusikiliza au anapandisha sauti? Bei yake imekuwaje nusu ya wenzake wote mtaa mzima, yeye amesamehewa ushuru na nani? Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Muuzaji ukimtajia TBS akabadilika uso, wewe aga.

Na ninyi mnaofuata majina: Lancôme na Maybelline ni watoto wa nyumba moja, wote wa L'Oréal ya Ufaransa, iliyoinunua Maybelline 1996. Garnier yumo humohumo, CeraVe naye. Sisemi kilichomo ni kilekile. Nasema usidhani dada mkubwa ana wataalamu na dada mdogo anapikiwa jikoni kwa jirani.

---

Fundi Kope

Nasuka, nabandika kope na kupaka mekapu, Kaloleni. Kuhusu dawa ya nywele Binti umesema "nalipa" ukapita, acha mimi nikae hapo maana nimeona vichwa.

Kopo la dawa likishafunguliwa na kukaa, likachotwa, likaongezwa kutoka kopo lingine, hujui tena unapaka nini. Mteja anaambiwa 10,000 badala ya 25,000, anaona amepona. Ile ni dawa yenye magadi makali, ikizidi dakika ngozi ya kichwa inaungua. Lipia kopo jipya, lifunguliwe mbele yako, na lipia fundi asiyepokea simu wakati wa kusuuza. Mafuta ya nywele baada ya hapo nunua ya bei yoyote. Na kama umekuna kichwa jana usiku kwa rasta za zamani, leo rudi nyumbani, usipake, hata kama umepanda gari kutoka Usa River.

Gundi ya kope: omba uipakwe nyuma ya sikio siku moja kabla. Wateja wengi wanaona kero, wanasema wana haraka ya sherehe. Jicho likifunga siku ya sherehe hiyo haraka inaishia wapi?

---

Mchumba wa Desemba

Samahani naingilia. Harusi yangu ni Desemba 20, Moshi. Kitchen party, send-off, harusi, mara tatu za kupakwa. Nimeambiwa 350,000 kwa ya harusi peke yake. Nibane wapi jamani? Mama anasema nipakwe na binamu.

---

Fundi Kope

Mchumba, Desemba 20 Moshi Wachaga wote wameshapanda kutoka Dar, foleni ya saluni mpaka saa saba usiku. Hiyo bei nusu yake ni Desemba, siyo mekapu. Weka nafasi sasa, toa kianzio, uandikiwe.

Kwenye kitchen party binamu anatosha kabisa. Send-off pia kama mkono wake mwepesi. Harusi ndiyo ulipe, na kabla ya kulipa omba jaribio, upige picha nje na ndani, ukae nayo saa sita uone itakavyotokwa jasho. Ukumbini Desemba ni moto. Jambo lingine: maskara na rangi ya mdomo nunua zako, mpe fundi akutumie wewe tu. Mimi fundi nakuambia hivyo. Siku ya harusi tano kibrashi kimoja kinazunguka macho ya mabibi harusi watano.

Rangi ya mdomo usinunue ya ghali. Utakula, utabusiwa, utalia mama akikuaga. Kinachotakiwa ni uwe nayo kwenye pochi ya msimamizi.

---

Binti Majengo

Na usianze kitu kipya usoni wiki mbili za mwisho, Mchumba. Hata kama ni orijino, hata kama umepewa zawadi na wifi. Hasa na wifi.

Nimeona watu mnaniuliza kwenye ujumbe kuhusu pafyumu za kupima. Nachukua mililita 10, napaka kwenye nguo, siyo shingoni, kwa hiyo hata ikiwa mbaya shati ndilo linaloumia. Hainuki hadi jioni kama orijino, nalijua hilo, ila ofisini kwetu feni ni moja na sitaki kukumbukwa kwa harufu.

Seramu ya vitamini C: nilikuwa nayo ya 55,000, ikageuka rangi kuwa kama chai ya rangi. Kumbe hiyo ni ishara imeshaharibika kwa hewa na mwanga. Ilikaa dirishani Moshi, Februari. Kosa langu mwenyewe hilo. Sijanunua nyingine.

---

Mama wa Tengeru

Binti uliposema "nalipa duka, silipi jina" nimemsomea binti yangu wa kidato cha nne. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo nikipata duka zuri naweza kununua jina?" Nimeshindwa kumjibu.

---

Chalii wa Sakina

Wakuu narudi na mrejesho, mtanicheka lakini acha.

Jana nimemwambia mke wangu tufanye kama mleta uzi, tumwage droo kitandani tuhesabu. Akasema sawa, ila tuanze na yako. Nikasema mimi sina droo. Akaenda bafuni akarudi na mafuta yangu ya ndevu.

Chupa nne. Moja 25,000, mbili 30,000, moja nilinunua kwa jamaa wa gym 40,000, ina picha ya simba. Kaunta ya Dawa, nimesoma viambato kama ulivyofundisha, cha kwanza kwenye zote nne ni kilekile. Mafuta ya mnyonyo. Mama mkwe anayauza kibaoni kwake Ngaramtoni, 4,000 chupa.

---

Kaunta ya Dawa

Kwenye orodha kinachotangulia ndicho kingi zaidi. Pole mkuu. Ndevu zimeota?

---

Chalii wa Sakina

Upande mmoja.